Kapteni Hapigi Chafya

Mteja akilishika tu lile sanduku la mchezo, nilikuwa najua swali lake kabla hajafungua mdomo. Atamtazama Kapteni aliyechorwa kifunikoni, mkono kiunoni, nyota zimemzunguka kichwa, kisha atanigeukia: "Sasa hapa nani anakuwa Kapteni?" Mimi nina ubaya wangu mwingi, lakini katika duka langu la vitabu sidanganyi, kwa hiyo nilijibu, "Hakuna." Sanduku likarudi rafuni. Hivyo hivyo mwaka mzima. Nimewahi kumuuzia kitabu cha ufugaji wa nyuki mtu anayeishi ghorofa ya tisa, lakini mchezo wa dada yangu wa tumbo moja ulinitoa jasho.

Nianze na Kapteni, maana yeye ndiye chanzo cha yote. Ni shujaa wa Safina ya Tisa, tamthilia ya televisheni kuhusu chombo kinachosafiri kati ya nyota. Misimu kumi na moja! Tuliitazama tukiwa watoto, tumebanana kwenye kochi moja, na Kapteni alipoinua kidole na kusema "Twendeni," chombo kiliruka na sisi tukaruka. Dada peke yake hakuwa akimtazama Kapteni. Alikuwa anauliza, "Yule aliyepita nyuma na ndoo ni nani?" Tukamwambia anyamaze.

Akakua, akawa fundi wa lifti. Ni kazi ya kukaa shimoni chini ya jengo na spana na tochi, wakati huko juu watu wanabonyeza kitufe na kudhani lifti inapanda kwa sababu wamebonyeza. Akirudi nyumbani na kunawa grisi, alikuwa anaandika michezo ya mezani, ile ambayo watu wanne watano wanakaa pamoja, kila mmoja anajifanya mtu fulani ndani ya hadithi, mmoja anasimulia yanayotokea, na dadu zinaamua kama ulichojaribu kimewezekana. Alikuwa hodari. Nasema hivyo, na mimi ni mgumu wa kusifu. Mke wangu ni shahidi.

Basi kampuni yenye Safina ya Tisa ikampa leseni atengeneze mchezo wa tamthilia yao. Tulishangilia mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni, na kwa shangwe ile hakuna aliyekumbuka kusoma masharti mpaka mwisho. Kumbe Kapteni ni mali ya kampuni na hakuna mchezaji anayeruhusiwa kuwa yeye. Kapteni hafi, hashindwi, hakosei. Na kila ukurasa lazima upite ofisini kwao kwanza. Kurasa arobaini zilirudishwa kwa sababu katika mmojawapo Kapteni alipiga chafya. Barua yenyewe ilikuwa fupi: "Kapteni hapigi chafya." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Dada hakucheka. Aliisoma mara mbili, akaibandika kwenye mlango wa jokofu, na kesho yake akauanza mchezo mzima upya.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo namvulia kofia. Aliwaza kwamba kama mtu hafi, hakosei wala hana mafua, kwake hakuna hadithi. Akashuka ngazi. Akamfuata yule wa ndoo. Katika mchezo wa Dada wewe ni fundi pampu, au mpishi, au mfua nguo, au muuguzi wa zamu, kule chini kabisa ya chombo. Kapteni ni sauti tu kwenye kipaza sauti. Msimulizi anafunua kadi, anasoma "Twendeni," anageuza kichupa cha mchanga cha kupimia muda, na nyinyi mna dakika tatu za kukifanya chombo kiende kweli. Pampu imeziba, valvu ya pili imekwama, mwenye kisu ni mpishi peke yake, na mfua nguo ana siri ambayo hajamwambia mtu. Misimu kumi na moja tulidhani chombo kinakwenda kwa kidole! Ukiucheza mara moja, huwezi tena kuitazama ile tamthilia bila kujiuliza kama wa chini wako salama.

Sasa kwa nini hauuziki? Nitasema, maana mimi ndiye niliyesimama nyuma ya kaunta nikiona. Mashabiki wa tamthilia wanamtaka Kapteni. Wacheza michezo wenyewe, wale wanaotembea na vifuko vya dadu, wakiona picha ya televisheni kwenye sanduku wanakunja pua: "Ah, hii ni ya watu wa runinga." Kitabu cha sheria za mchezo ni kinene, kinaweza kuzuia mlango usifungwe na upepo. Na hebu jaribu kuwapata watu wazima watano wakae meza moja masaa manne bila hata mmoja kuitwa na shemeji yake! Lakini kosa kubwa kuliko yote ni langu. Dada alitaka kifunikoni ichorwe pampu na mikono miwili. Mimi nikamng'ang'ania: "Dada, pampu atanunua nani? Weka Kapteni." Akanisikiliza, eti mimi ndiye mjuzi wa biashara. Nikawa nimewaalika watu harusini nikawapeleka kazini.

Kisha barua ya mwisho ikaja. Leseni inakwisha mwezi huu, na haitaongezwa ila afisa wao akija kuuona mchezo ukichezwa na kuridhika. La sivyo masanduku yaliyobaki, mia sita na kumi na mawili, yatachukuliwa yakasagwe. Dada aliisomea dukani kwangu, alipokuwa amekuja kunirekebishia rafu. Akaikunja, akaniuliza kama bado nina ile gundi nzuri.

"Dada, kwani wewe huoni uchungu?"

"Naona," akasema. "Miaka mitatu, mdogo wangu. Kila mtu aliyemo mle ndani naijua sauti yake, najua anaogopa nini. Sasa nikikaa kulia, rafu yako atabandika nani?"

Akabandika rafu. Mimi niliingia stoo nikapiga teke boksi la madaftari, kwa niaba yake.

Nikaona nitafute dawa mwenyewe. Ijumaa mchana, siku moja kabla Afisa hajaja, Dada akiwa shimoni kwake, niliketi nikatengeneza kadi ya Kapteni. Nikampa sifa zote za juu kabisa, udhaifu hana hata mmoja. Nikaichapa kwa mashine ya duka na kuichomeka sandukuni. Nilitaka Afisa aone kwa macho yake watu wanavyomgombania Kapteni, aelewe kwamba sharti lao ndilo linaloua mauzo. Yaani nilimwandalia mtoa leseni ushahidi wa kuvunjwa kwa leseni, tena kwenye karatasi nzuri. Akili nyingi huondoa maarifa.

Jumamosi saa nne asubuhi wachezaji tuliowaalika wakafika dukani. Alikuwepo mkunga mstaafu anayekaa nyuma ya duka, mwalimu wa hesabu, dereva wa gari la taka, na mteja wangu tunayemwita Koti, kwa sababu huvaa koti la Kapteni lenye vifungo vya shaba, iwe joto iwe baridi. Afisa alikuwa mwanamke mwembamba mwenye faili kwapani. Nilimpa kiti kizuri, akakikataa, akakalia stuli karibu na dirisha.

Dada akafungua sanduku. Akaiona kadi. Akanitazama. Mwenye dada mkubwa anajua mtazamo huo. Ghafla niligundua kuwa rafu ya kamusi ina vumbi. Lakini Koti alikuwa ameshaiona.

"Kapteni! Kumbe yupo!" Akainyakua kabla mwalimu hajanyoosha mkono.

Afisa akaandika kitu kwenye faili lake. Dada akashusha pumzi.

"Haya," akasema. "Leo Kapteni yupo. Lakini Kapteni hakai na sisi. Kiti chake kile pale." Akamwonyesha kiti cha peke yake, upande wa pili wa duka.

Koti akaenda akakaa, akainua kidole. "Twendeni!"

Mchanga ukaanza kumwagika na mezani pakawa vurugu. Mkunga alikuwa fundi pampu. "Leteni mwanga hapa!" akafoka. "Mimi nimezalisha wanawake umeme umekatika, leo kipampu kinishinde?" Dereva, aliyekuwa mpishi, alisimama akitafuta spana ambayo haipo. Dadu zikaviringika mpaka chini ya kaunta, nami nikapiga magoti kuzitafuta. Punje za mwisho zilipoanguka valvu ikafunguka, na wote watatu wakapiga kelele kama wameshinda kombe.

Koti aligeuza shingo. "Jamani, huko kuna nini?"

"Kapteni hajui," Dada akamjibu kwa upole. "Kapteni anaona taa ya kijani imewaka."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Subiri."

Akasubiri. Zamu ya pili ilikuwa ya mfua nguo. Mwalimu alisoma kadi yake kimya, nikaona uso wake unabadilika. Siri yake ilikuwa kwamba kuna ufa kwenye ukuta wa chombo. Aliuona kitambo, akaogopa kulaumiwa, na tangu hapo anauziba kwa shuka za wagonjwa. Mwalimu huyu husahihisha watoto mia mbili kwa wiki bila kupepesa macho, lakini alilisema jambo lile kwa sauti ya kutetemeka, kama ufa ni wake. Mkunga akamwekea mkono begani.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, mwanangu," akamwambia. "Na huku nje kwenye nyota matofali hakuna. Sogea nikusaidie."

Kwa Koti taa ilikuwa ya kijani bado. Alikuwa ameshinda kila kitu. Akainuka, akafungua vifungo vya shaba kimoja kimoja, akalivua koti na kulitundika kitini. Miaka yote ile sikuwahi kuiona mikono yake bila koti. Akaja mpaka mezani akasimama kama mtu anayeomba kibarua.

"Samahani," akasema. "Huko chini hakuna kazi?"

Dereva akamsogezea kiti. Dada alipekua kadi mpaka ya mwisho kabisa, ambayo sikuwahi kumwona mtu akiicheza, akampa. Juu yake palikuwa pameandikwa: Wa Ndoo.

Sitaficha. Machozi yalinitoka, kitambaa cha vumbi kikiwa mkononi, na nikakitumia.

Walicheza mpaka saa saba. Afisa hakuinuka hata kunywa maji. Walipomaliza, akaja mezani na faili lake.

"Leseni haiongezwi," akasema.

"Kadi ile ni yangu!" nikaropoka. "Nimeichapa mimi, Dada hakujua lolote!"

"Nimejua ni yako tangu ulipoanza kufuta kamusi. Hata bila kadi jibu ni hilo. Mauzo ni madogo. Gari litakuja Jumatatu kuchukua masanduku."

Dada akaitikia kwa kichwa. Mkono wake ulikuwa umekifunika kichupa cha mchanga, na haukuondoka pale. Mimi nilikuwa natafuta tusi lenye heshima. Lakini Afisa hakuwa amemaliza. Alifungua faili.

"Hii ni orodha ya mali ya kampuni iliyomo katika mchezo huu. Leo nimeipitia mara tatu." Akasoma polepole. "Kapteni. Safina. Koti na vifungo vyake. Nembo. Neno 'Twendeni' likiambatana na kidole." Akalifunga faili. "Mpishi hayumo. Fundi pampu hayumo. Mfua nguo hayumo. Wa ndoo nimemtafuta, simwoni popote. Ofisini kwetu hajawahi kutokea mtu aliyewataka hawa. Unanielewa, dada yangu?"

"Nakuelewa," Dada akasema, kwa sauti ndogo.

"Hata mimi nimeelewa," akasema Mkunga, "na miwani nimeacha nyumbani."

Afisa akafika mlangoni, akarudi hatua moja. "Yule mfua nguo. Baadaye anausema ule ufa kwa wakubwa?"

"Inategemea anayemcheza," Dada akamjibu. Afisa akaenda zake.

Jumatatu gari likaja. Tulipakia masanduku mia sita na kumi na mawili, Kapteni mkono kiunoni kila safari. Kwanza Dada alitoa vichupa vyote vya mchanga, kwa kuwa havikuwa kwenye orodha. Gari lilipokata kona alibaki barabarani muda mrefu, nami nikakaa naye bila kutoa ushauri wa biashara.

Mchezo mpya ulitoka baada ya miezi minane. Kifunikoni kuna pampu na mikono miwili, na nyuma yao mtu anapita na ndoo. Safari hii niliulizwa maoni nikasema nina kazi stoo. Kitabu kinaanza hivi: "Mkuu wa chombo alipiga chafya, na kule chini watu kumi na wawili wakaacha spana wakasema, 'Afya!'" Ile barua ya ofisini bado iko kwenye jokofu.

Siwezi kusema unagombaniwa. Unatoka mmoja mmoja, lakini ukishatoka haurudi. Juzi mama mmoja alilishika sanduku, akaligeuza, akaniita. "Hebu niambie," akasema, kidole chake kikiwa pembeni kabisa ya picha, "huyu wa nyuma mwenye ndoo ni nani?" Nikamvutia kiti, nikaenda kumwita Dada.