Mto Uliohama

Mpima ardhi wa Mtemi aliamshwa na kimya. Tangu azaliwe alilala akiusikia mto ukinguruma chini ya dirisha, na asubuhi hiyo hakusikia kitu. Alipochungulia, ukungu ulikuwa umetanda mahali pa maji, na samaki walirukaruka kwenye vidimbwi.

Utemi wao ulikuwa mdogo, umezungukwa na ufalme kama kiini cha yai, lakini ulijitawala: ulikuwa na sheria zake, stempu zake na walinzi wake wawili. Kuhusu mpaka wa mtoni, mkataba wa zamani ulisema neno moja tu: upande huu wa mto ni wa Mtemi, ng'ambo ni ya mfalme. Sasa mto ulikuwa umehama kwa usiku mmoja na kupita nyuma ya nyumba saba za ng'ambo. Mtemi akamtuma akachore ramani upya.

Akashuka mchangani na mnyororo wake wa kupimia, akachomeka vigingi katikati ya ukungu. Nyumba ya tatu ilikuwa ya dada yake. Miaka kumi na moja hawakusemezana, tangu mama yao azikwe na dada asionekane.

Dada alikuwa jikoni, unga hadi viwikoni.

“Umekuja kunipima, mdogo wangu?”

“Nimekuja kupima mpaka.”

“Haya, pita ndani. Usisimame mlangoni kama mtu wa serikali.”

“Si ndiye huyo huyo,” alisema shemeji, mwokaji mikate, akichochea tanuri. “Mimi nimelala kwa mfalme, nimeamka kwa Mtemi, na hata ubavu sijageuza.”

Mpima ardhi akacheka bila kutaka, na kicheko kikafungua njia ya swali.

“Dada, siku ya mama mbona hukuja?”

Dada alipangusa mikono taratibu. “Nilikuja. Mfalme mzee alifariki siku ile ile, wakafunga lango la mpakani. Nikasimama ukingoni mwa mto, nikiwatazama mpaka mkamaliza kuzika. Wewe ulivaa gauni la mama la kijani, limekupwaya mabegani.”

Mpima ardhi akaketi juu ya gunia la unga. “Hukuniambia.”

“Barua zangu ulizirudisha bila kuzifungua.”

Ilikuwa kweli. Akaacha mnyororo pale pale. Wakavuka wawili mkondo wa zamani, viatu mkononi, maji yakiishia kwenye vifundo vya miguu. Makaburini dada alizungumza na mama kwa sauti ya chini, muda mrefu. Mdogo mtu aling'oa magugu, akijifanya hasikii.

Ramani aliichora kama mto ulivyopita sasa. Mtemi na mfalme waliandikiana miezi mitatu, kisha wakakubaliana kila mtu wa nyumba zile achague mwenyewe mtawala wake. Dada alichagua utemi. Shemeji alibaki na mfalme, kwa kuwa, alisema, alishazoea kumlalamikia. Waliendelea kulala kitanda kimoja, na mpaka wa hapo hakuna aliyetumwa kuupima.