Johanna wa Filimbi

…na bado maji hayajachemka, na yule mama wa Kimarekani, Loretta, amesimama palepale mlangoni, kiganja kimebandikwa kwenye mwimo, anasema jamani Batt, yaani bibi yangu aliagwa hapa hapa, naye Batt ameshika kopo la majani ya chai, mwimo wenyewe aliupachika yeye kwa mikono yake baada ya ule upepo mkubwa, na huyo bibi, Johanna, hakuwahi kuagwa kwenye mlango huu… "Binamu, sukari unaiweka wapi?" Binamu! Uzee huu wote hapa rasini Beara hakuna aliyemwita hivyo, walikuwa wawili tu, yeye na dada yake Noreen, na Noreen yuko kaburini tangu mwaka juzi, mezani kimebaki kikombe kimoja, leo viko viwili… "Kabatini, mama, rafu ya juu, usiwaogope buibui, ni wapangaji wangu." "Wanalipa?" "Hata senti!" Akacheka, na kicheko kikajaa jikoni mpaka mbwa akainua kichwa, Mungu wangu, kumbe nyumba hii ilikuwa na njaa ya kicheko… karatasi zake zimetanda mezani, ubatizo, meli, ndoa ya kule Butte, Marekani, kwenye migodi ya shaba, zote zinasema Johanna Harrington wa kijiji hiki cha Gortalassa, na hazikudanganya, ila Harrington hapa ukirusha jiwe gizani umempata mmoja, ndiyo maana kila nyumba ina jina lake la utani, sisi wa Mwashi, wale wa ng'ambo ya kijito wa Filimbi, na jina la utani padri haliandiki, linakaa midomoni, na midomo yenyewe imebaki huu mmoja wenye meno manne. Tena Loretta kajisemea mwenyewe sasa hivi, akivua koti, kwamba bibi alikuwa akisimulia jinsi baba yake alivyochukuliwa na bahari akivuna mwani wa kurutubishia viazi, na hapo Batt moyo ukamshuka, maana wa Mwashi hawafi majini, wanafia kitandani wakilalamika, aliyekufa kwa mwani ni mzee Filimbi, hilo kila mtu alilijua, kila mtu aliyekuwapo… basi si nyamaza tu, Batt, nani atajua, nyumba ya Filimbi paa limeanguka, kondoo wa watu wanalala jikoni kwao, ukimpeleka kule unampa nini, miiba na mavi ya kondoo, hapa angalau kuna moto na mtu wa kumwita binamu, atapiga simu Krismasi, ataleta wajukuu, na siku yako ikifika kutakuwa na mtu wa kutembea nyuma ya jeneza, mmoja tu, je, mmoja ni mwingi? "Umenyamaza, Batt. Nakuchosha?" "Hapana, mama, hapana, nasikiliza birika." Muongo we. Anamsikiliza bibi yake mwenyewe, Mungu amrehemu, alivyokuwa akisimulia akimenya viazi kwamba Johanna walimkeshea usiku kucha kama maiti, ndivyo walivyofanyiwa wote waendao Marekani, ngoma na kilio chumba kimoja, na tangu asubuhi ile mama yake alikuwa akitoka jioni, mvua isinyeshe, inyeshe, anasimama pembeni ya nyumba kuiangalia barabara, mpaka wakamzika, na barabara haikumletea mtu… na leo imemleta, mjukuu wa mtoto wake kavuka bahari nzima kumfuata, zimebaki hatua chache tu, kijito na uwanja mmoja, halafu Batt wa Mwashi anamkamata njiani kwa kikombe cha chai, eti kwa sababu anaogopa kuzikwa peke yake, aibu, Batt, mama yake Johanna kasubiri kuliko wewe… uchungu huu, ee Mungu, kumpata mtu na kumrudisha kwa wenyewe kabla hata maji hayajachemka… "Vikombe hivi viwili, au kuna vingine?" "Hivyo hivyo, mama." Anywe kwanza, apate joto, kisha atamwambia, maneno yatakuja, na viatu vile vyake vya mjini havifai kwa tope la kule, lakini gambuti za Noreen ziko nyuma ya mlango, hajazivaa mtu tangu azikwe, na ukimtazama miguu, zitamkaa.