Mafuta Hayaingii Humu

Kabla ya kuingia chumba cha kufunga chumvi, wanawake walijipanga ukutani, mikono mbele, kama watoto wanaongoja fimbo. Nyapara Musyoka akapita akiwakagua. Kahonzi alikuwa amevaa blauzi yake ya kanisani, yenye mikono mirefu.

"Pandisha."

Akapandisha hadi viwikoni. Magamba meupe, na baina yake ngozi nyekundu iliyopasuka.

"Mama, hiki ni chakula cha watu."

"Haiambukizi, bwana. Hata marehemu mume wangu hakushikwa nayo."

"Ukipona, njoo. Leo nenda mabwawani."

Mabwawani hakuna anayekagua mtu. Kahonzi alishinda huko akikokota chumvi kwa reki, maji makali yakimpanda mikononi, na kila penye ufa pakawaka. Mchana alisali. Jioni mikono ilikuwa imekufa ganzi, naye akashukuru kwa hilo.

Kesho yake akaenda zahanati. Daktari Kiprop, kijana wa bara, alimwamkia vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alimgeuza viwiko kwenye mwanga. "Hii inaitwa soriasisi. Haiishi kabisa, lakini hutulizwa. Paka krimu hii asubuhi na jioni, kidogo tu, uisugue mpaka iingie. Usikose. Na maji ya chumvi uyaache."

"Mimi nala kwa hayo maji ya chumvi."

Kijana akatazama mlangoni. Foleni ilikuwa imefika nje, juani.

"Jitahidi tu, mama."

Akajitahidi. Alikaa nyumbani, akala mihogo ya jirani yake Kabibi, aliyekuwa akifunga chumvi pamoja naye. Magamba yakawa yanadondoka kitandani kama pumba. Ngozi ikalala, ikalainika. Jumapili moja, padri aliposema watu wapeane amani, mama wa benchi la mbele aligeuka akamshika mkono. Kahonzi aliuangalia mkono ule kama si wake.

"We Kahonzi!" Kabibi akamcheka walipotoka. "Umejichubua! Watasema wewe watafuta mume."

"Mume wa kumlisha mihogo yako?"

Wakacheka wote wawili.

Jumatatu akasimama tena ukutani, mikono wazi. Musyoka akatazama, asione kitu. Akamgusa kwa kidole, akakinusa.

"Umepaka nini?"

"Krimu ya daktari. Ndiyo iliyoniponya."

"Mafuta hayaingii humu. Chumvi itagandamana. Si wewe uliyekuwa ukiwafundisha wasichana wageni?"

Ni kweli. Ndiye aliyewafundisha kuja na mikono mikavu.

"Nikiacha kupaka, magamba yatarudi."

"Yakirudi, pia huingii."

Hakusema kwa hasira. Wanawake wakatazama sakafu, Kabibi pamoja nao.

"Sasa niingie vipi, bwana?"

"Mabwawani kuna nafasi."

Akaenda. Reki ilikuwa palepale alipoiacha. Akainama, maji yakamfika viwikoni, na krimu aliyoisugua alfajiri ikaachia ngozi, ikatandaza utando mwembamba juu ya maji. Utando ukasogea mpaka kwenye chumvi, ukashika. Kahonzi akauona. Akakokota.

Adhuhuri mkokoteni ulikuja kuchukua lundo lake. Kutoka pale bwawani aliutazama ukipanda tuta, ukafika kwenye chumba cha kufunga, ukaingia. Hakuna aliyeusimamisha mlangoni.