Mbuzi wa Mbao Hawahesabiwi

Timu itakayovuka raundi ya asubuhi ingerudi nyumbani na sanduku la vifaa ililoazimwa. Itakayoshindwa ingeliacha mezani. Nashipae, mwanafunzi wa kidato cha pili kutoka Ngaramtoni, alikuwa ameshalipangia kazi sanduku hilo: mota zake zingefungua lango la zizi la ndama bila mtu kukanyaga umande. Ndiyo maana aliingia katika ukumbi wa mashindano ya roboti, Arusha mjini, akiwa amelikumbatia kama mtoto mwenye homa.

Kila roboti ilitakiwa kuwasukuma ndani ya boma “mbuzi” saba waliotawanywa mezani, yaani vipande vya mbao vya rangi mbalimbali, kisha kutoa taarifa ya kundi.

Walianza wenyeji, timu ya shule ya Sokon I. Nahodha wao, Princess, alitafuna bigijii kwa utulivu huku roboti yake ikikimbia huku na huko. Ilimwangusha mbuzi wa kijivu chini ya meza, ikasukuma kitu kingine bomani, ikaandika kwenye kioo: SABA. WAMETIMIA.

“Binti,” alisema jaji, Mzee Sylvanus, mhandisi mstaafu asiyeachana na chupa yake ya chai, “umenifungia kifuniko cha chupa yangu zizini.”

“Lakini kimehesabika, mzee.”

“Kimehesabika vizuri sana. Karekebishe, urudi.”

Ukumbi ukacheka. Mzee Sylvanus, aliyeanza kuufurahia mchezo, alikiacha kifuniko mezani makusudi, akamtia mbuzi wa kijivu mfukoni na kuwaita Ngaramtoni.

Roboti ya Nashipae na mwenzake Simel ilikwenda polepole, ikimtazama kila mbuzi kabla ya kumgusa. Ilipokifikia kifuniko ilisimama, ikakikagua, ikageuka na kwenda zake. Mwishoni kioo kiliorodhesha majina, kila mbuzi kwa rangi yake: Narok yupo, Naibor yupo, Nado yupo, na wengine. Mstari wa mwisho ulisomeka: Pus hayupo.

“Pus ndiye nani?”

“Yule wa kijivu, mzee,” alijibu Simel. “Shikamoo. Yumo mfukoni mwako.”

Vicheko vilipotulia, jaji alifungua kanuni. “Vizuri. Idadi iko wapi?”

“Haipo.”

Mwalimu Kandida, mzaliwa wa Machame aliyewafundisha fizikia, alimvuta Nashipae pembeni. “Si tulikubaliana ihesabu?”

“Mwalimu, tulipokuwa tunaandika programu nyumbani, koko alikuwa amekaa nasi.”

“Bibi yako anahusikaje?”

“Alisema mifugo haihesabiwi. Unatazama tu nani hayupo. Ukihesabu, wanapungua.”

“Nashipae, hizi ni mbao!”

“Simel alimwambia hivyohivyo. Koko akasema zitaanza kupungua za mbao, halafu wa kweli wafuate.”

Mwalimu Kandida alimrudisha mezani.

“Kanuni inataka idadi ijulikane,” jaji alisisitiza, safari hii bila tabasamu. “Bila idadi, sanduku linabaki.”

“We Ngaramtoni!” Princess alipaza sauti, akiinua kompyuta yake ya mtumba. “Ni mstari mmoja tu! Njoo unakili wangu, usijitese!”

Nashipae alilitazama sanduku. Alimtazama Simel, naye Simel akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekwisha kuona sura ya koko mlangoni.

“Mzee,” Nashipae aliuliza kwa adabu, “kanuni inasema nani ahesabu?”

Mzee Sylvanus alisoma. Akageuza karatasi, akasoma na upande wa nyuma. “Haisemi.”

“Basi majina ni hayo hapo.”

Jaji aliinama juu ya kioo, akapitisha kidole jina kwa jina, midomo ikimcheza. “Sita,” alitangaza. Kisha akajipapasa mfuko. “Na mmoja nimemwiba mimi. Mmevuka.”

Kabla makofi hayajaisha, Princess alikuwa ameshaketi sakafuni kando yao, bisibisi mkononi. “Nionesheni hiyo ya kutazama kwanza. Yangu inabeba hata viatu.” Wakazifungua roboti zote mbili, skrubu zikatapakaa, na hadi saa ya kuondoka mashine mbili zilikuwa zimebadilishana macho.

Mwalimu Kandida alipiga magoti kurudisha vifaa sandukuni. “Moja, mbili, tatu…”

“Mwalimu!” Simel alishtuka.

Mwalimu aliacha kuhesabu. Alilitazama sanduku kwa makini, tundu kwa tundu.

“Bisibisi ndefu ya rangi ya fedha haipo,” alisema.

Princess akaitoa nyuma ya sikio.