Msiba Uliowahi Kota za Bomba Mbili

Umepita pale. Usiniambie hujapita. Barabara ya sokoni inakatiza mbele ya kota zetu za Bomba Mbili, na kila anayefika kwenye ule ukuta ambao maji ya choo yanachuruzika juu yake kutoka ghorofa ya tatu hadi chini, ghafla anaikumbuka simu yake. Anaitoa, anaikodolea macho, anapita. Nawe ulifanya hivyo hivyo. Nilikuwa dirishani. Nilikuona.

Basi kwa kuwa ya macho yamekushinda, sikia ya usingizini. Usiku wa kuamkia leo, wewe ukiwa umelala pakavu, mimi niliota.

Niliota ni asubuhi, na uani kwetu kumefungwa turubai. Viti vimepangwa, majamvi yametandikwa. Wanawake wa kota nzima wako kwenye mafiga, na Mama Skola, jirani yangu wa mlango kwa mlango, anageuza sufuria la wali kwa mwiko mrefu kuliko yeye.

"Nani kafariki?" nikauliza.

"Bado," akasema.

"Bado nani?"

"Bado hatujajua. Tumewahi tu. Shika kisu hicho, mwenzangu, vitunguu havijimenyi."

Nikashika kisu, nikamenya. Kitunguu cha kwanza kikaniomba radhi kwa kuniliza. Nikakiambia hapana, si wewe.

Mzee Gaudensi, mwenyekiti wa kamati yetu ya mazishi, akasimama akajikohoza.

"Ndugu wafiwa watarajiwa," akasema, "manispaa imetukubalia. Kota zitakarabatiwa. Mabomba mapya, paa jipya, plasta, rangi. Tatizo ni dogo. Fungu la ukarabati halina kitu. Lenye fedha ni fungu la maafa, nalo halifunguki mpaka apatikane marehemu. Mmoja tu. Hawana makuu."

Watu wakapiga makofi ya adabu.

"Kwani lazima afe mtu?" nikauliza.

"Mama Leokadia, usituharibie. Turubai limekodiwa mpaka jioni."

"Msiba gani huu," Mama Skola akaninong'oneza, akionja wali. "Nyama inaisha na maiti hajatokea. Watu wa siku hizi hawajali muda kabisa."

Hapo, kutoka dirishani kwangu, ghorofa ya pili, kikashuka kikohozi. Nilikitambua. Ni cha Asteria, mjukuu wangu, ambaye tangu masika kifua chake kinapiga filimbi kila akivuta pumzi. Watu wakainua nyuso mmoja mmoja, kama abiria waliosikia basi lao.

Nikaacha kisu, nikapanda ngazi mbio.

Asteria alikuwa kitandani, chini ya ukungu. Ukungu wetu ni mweusi, umeshika dari yote na nusu ya ukuta, na siku hizi una manyoya. Uliponiona ukaniamkia.

"Shikamoo, Mama Leokadia."

"Marahaba. Toka juu ya mtoto."

"Niende wapi? Mimi ni mzaliwa wa hapa. Nilianza doa dogo kama sarafu, mwaka ule bomba la juu lilipopasuka mkaambiwa fundi yuko njiani."

"Nakumbuka. Diwani alikuwa yule wa pikipiki nyekundu. Alisema wiki ijayo."

"Na alipokuja mkaguzi?"

"Walikupaka chokaa asubuhi hiyo hiyo, kabla hajafika. Upande unaoonekana ukiwa mlangoni tu. Upande wa kitanda hawakugusa."

"Niliwashukuru. Ile chokaa ndiyo shuka langu la kwanza. Nililala chini yake, nikanenepa." Ukungu ukashusha pumzi, na palepale Asteria akakohoa. "Sina ugomvi na mtoto. Ila mimi napumua, naye anapumua, na chumba ni kimoja."

Nikafungua mlango wa jikoni nichukue tambara na sabuni. Jiko halikuwepo. Nilikuwa nimesimama ofisini, manispaa, mbele ya meza yenye vumbi la kupandia mchicha. Nyuma ya meza kiti. Kwenye kiti, koti.

"Namtafuta Fungu la Ukarabati," nikasema.

"Umefika," koti likanijibu. "Yupo. Katoka kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu mabega mapana kama haya yalipokuwa fasheni."

"Atarudi?"

"Mimi nimewekwa hapa kuonyesha kwamba atarudi. Ndiyo kazi yangu."

Kwenye meza ya pili alikaa Fungu la Maafa. Jibaba la suti nyeusi, uso umejaa huruma, leso mkononi. Nyuma ya kiti chake, humo humo ofisini, lori lilikuwa linanguruma, dereva keshapanda. Akanipa mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, mama yangu. Mchele, maharage, jeneza, lori, hotuba ya kiongozi. Vyote leo leo. Sisi hatucheleweshi."

"Mimi nataka saruji na bomba."

"Saruji ipo. Ya kaburi."

"Nipe hiyo hiyo nikazibe ukuta."

Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Kaburi kwanza, mama. Ndio utaratibu."

"Kwa hiyo mjukuu wangu, kwa kuwa yu hai, hana fungu?"

"Akiwa hai ni matumizi," akasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Akifa ni dharura. Matumizi husubiri." Kisha akachungulia juu ya bega langu. "Kwani leo anaendeleaje?"

Niligeuka nirudi jikoni, nikatokea uani, katikati ya viti.

Na wewe ulikuwepo. Usibishe. Kiti cha nyuma, sahani mapajani. Nikakushika mkono nikakwambia, "Nisaidie, wanamtaka mtoto." Ukasema, "Poleni sana, mama," ukaendelea kutafuta nyama chini ya wali.

Nikapanda tena. Ngazi zimezidi, kila nikikanyaga moja inazaliwa nyingine. Nafika chumbani natweta, na seremala amekwisha kupiga magoti kando ya kitanda. Penseli sikioni, futikamba mkononi.

"Samahani, mama," anasema. "Sijasema ni yeye. Nafanya makadirio tu."

Futikamba inapita shingoni, mbavuni, magotini. Asteria anacheka, inamtekenya.

"Babu, mimi ni mrefu?"

"Mrefu, mjukuu wangu. Lakini mbao itatosha."

Nataka kumkaba koo. Mkono hauinuki. Nataka kupiga kelele, na kinachotoka kinywani mwangu ni sauti ya mteja mpole: "Acha nafasi kidogo, fundi. Bado anakua."

"Fungu halilipii nafasi," anasema, na anaichomoa penseli sikioni.

Uani Mzee Gaudensi anaita: "Vipi huko juu? Kapatikana?"

Kota nzima imenyamaza inasubiri jibu langu. Miiko imesimama. Hata ukungu umebana pumzi. Asteria ananitazama, naye anasubiri, kwa sababu kwake mimi ndiye nijuaye kila kitu.

"Hapana!" nikapiga ukelele, na ukelele huo ndio ulioniamsha.

Kumekucha. Asteria yuko ubavuni pangu, amelala, filimbi ile ile kifuani. Nikambeba nimpeleke dirishani apate hewa, na ndipo nilipoliona shuka. Juu tu ya pale kilipokuwa kichwa chake pana mstari mfupi wa penseli, umenyooka kama wa rula. Chini ya pale zilipokuwa nyayo, mwingine. Nikamlaza tena katikati, nikiomba nimekosea.

Akaenea. Hakuzidi, hakupungua.

Nimelifua shuka kwa sabuni ya mche na jiwe. Mistari haitoki.

Sasa sikia. Alhamisi madiwani wanakaa kupitisha bajeti. Ukumbi uko wazi kwa mwananchi yeyote, na viti vya wananchi huwa vitupu. Najua, maana huwa nakaa peke yangu. Usije na pole. Pole tunazo, zimerundikana mpaka zinaota kuvu. Njoo na mdomo wako na jirani zako. Simameni mseme mbele yao kwamba fungu la ukarabati litiwe fedha, mabomba na paa, kwa ajili ya watoto walio hai, wakiwa hai. Na kama Alhamisi ni mbali kwako, simu unayo, ile ile. Itoe. Mpigie diwani wako. Si kesho, wala si ukishamaliza kunywa chai. Mtoto anakohoa hapa ninapoandika. Piga sasa.