Mguu wa Kushoto

...na lori bado linarudi nyuma, polepole, dereva wake anachungulia dirishani kama anayeogopa kukanyaga kuku, na Jerioth anangoja juu ya trekta lake la pedali mbili, lisilo na klachi, baketi imejaa kifusi, jua la Thongpiny, hapa Juba, linampiga kisogoni, angoje tu, amengoja makubwa kuliko haya, siku tatu za majaribio zinaishia hapa, mama Aluel mwenye yadi alishasema asubuhi bila kupepesa macho, "Mimi nanunua trekta moja, kalas, basi, na dereva wake anabaki nayo," jingine lirudishwe Kampala pamoja na mtu wake... na mtu huyo ni yeye au mzee Lubega, yule pale kwenye rundo la pili, mwenye trekta la gia na klachi, aliyemcheka siku ya kwanza mbele ya wapakiaji wote, "Mimi iko na gia miaka ishirini, nyabo, hiyo yako ya pedali ni ya kukata majani ya hoteli," na walicheka kwa sababu Jerioth alijitakia, mguu wake wa kushoto, uliozoea gia, ulitafuta klachi mahali isipokuwepo, ukakanyaga breki, trekta likagoma ghafla, kifusi kikamwagika, aibu hiyo, alitamani ardhi ya Juba ipasuke immeze... usiku akachua goti la mguu huo, goti lililovimba kule Mwea alipokuwa akipakia mpunga kwa gia, mbele klachi, nyuma klachi, mara mia tano kwa siku, akaliambia goti, wewe pumzika, kazi hii ni ya mguu mmoja, pedali ya mbele, pedali ya nyuma, basi, na hiyo ndiyo siri ambayo Lubega hakutaka kuisikia... subiri, nini hicho, harufu, inakuja na upepo, anaijua, Mungu wangu anaijua, klachi inaungua, mzee anaibalansi, haikanyagi yote wala haiachii, ndiyo mazoea ya barabara ya Nimule, kwenye mlima yanafaa, kwenye kupakia yanakula klachi nzima, na mama Aluel ameinua pua, "Lubega, nini inaungua?" na Lubega, "Hakuna kitu, mama, ni jua tu," jua, eti jua, Jerioth anataka kucheka anajizuia, chema chajiuza kibaya chajitembeza, alijitembeza siku tatu huyu mzee... lakini akiulizwa atasema kweli yote, kulima kwa jembe la diski gia ndiyo mfalme, inavuta na hainywi dizeli ovyo, hili lake kwenye kuvuta hupata joto na kulalamika, atasema hivyo hivyo, hana haja ya kumzika mtu, ila mama Aluel halimi, anapakia, samadi na kifusi toka kucha mpaka kuchwa, na kwa kupakia hakuna wa kumfikia, ameshinda, anajua ameshinda kabla yeyote hajatamka, goti halimuumi, tangu usiku ule goti halimuumi... lori bado linarudi nyuma, halijafika, mama Aluel anamtazama yeye sasa, si Lubega, na Jerioth anaangalia chini, mguu wa kushoto umelala sakafuni, umetulia, hautafuti kitu.