Vyura wa Kisebwe

Watu wakiitaja Zaire siku hizi wanaitaja kama vile hatukula, hatukucheka wala hatukufanya kazi. Aka! Mimi Viviane nilifanya kazi. Mwaka wa themanini na nne nilikuwa daktilo, yaani mpiga chapa, katika biro, ofisi ya Mazingira hapa Kalemie, nikipiga mashine ambayo herufi yake ya R ilikuwa imelegea, na nilikuwa na kitenge kimoja cha kazini. Nilikifua kila jioni, nikakivaa kila asubuhi, na siri hiyo tulikuwa nayo wawili tu, mimi na mama yangu. Nikiukumbuka mwaka ule, moyo unanirudi ziwani wenyewe.

Ndio mwaka alioletwa mwalimu kutoka Kinshasa kutufundisha sisi wa biro. Kwenye karatasi alikuwa na jina la babu yake, maana Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo. Lakini siku ya pili, aliposikia tunaitana Fidèle na Claire kwa sauti ya chini, alicheka akasema, "Basi, mimi njo Eugène." Alikuwa muntu wa Lubumbashi, mnene, abakosti yake, lile koti la Serikali lisilo na tai, imelowa jasho tangu saa mbili ya asubuhi. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili katika sala ya parokia, ule ukumbi wa mikutano, tukikaa kwenye mabenchi ya katekisimu, magoti yanagonga videvu.

Alituambia neno ambalo mpaka leo nalipenda. "Miaka yote wageni wamekuja kutupimia mali yetu. Wamepima mawe, wamepima miti, wamepima maji, wakaenda na vitabu vyao. Tukitaka kujua ziwa letu lina nini, tunaandika barua Ulaya! Haya ni mambo gani? Kuanzia sasa tutapima wenyewe, ili kabla ya mukubwa kukata kitu, ajue anakata nini." Kisha aliandika ubaoni: Mali bila daftari hupotea bila habari. Fidèle alipiga makofi peke yake, tukamcheka, halafu tukapiga wote.

Tuliamini, jamani. Msione tumezeeka. Tulikuwa tunatoka pale jioni tunatembea hadi bandarini tukibishana bei ya mti uliosimama, bei ya mti ulioanguka, bei ya kivuli. Wavuvi walitutazama wakasema wale watoto wamerogwa.

Jaribio letu lilikuwa matete ya Kisebwe. Ni ghuba ndogo, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini, na wakubwa wa mkoa walitaka kuyang'oa matete yote, wakaushe bwawa, walime mpunga. Eugène alikuwa amewaomba wangoje majuma matatu. Hesabu yetu ikionyesha kwamba matete yana faida kuliko mpunga, yatabaki. Isipoonyesha, tingatinga inaingia. Na mimi njo niliyepewa Kisebwe, kwa sababu nimezaliwa pale.

Baba yangu, Papa Salomon, alikuwa Mubembe wa Baraka. Aliteremka na ziwa na mtumbwi wake wakati wa maasi, akasimama pale alipoona matete, akatega migono yake, ile mitego ya kusukwa ambayo samaki anaingia akicheka na hatoki. Alitega ngege. Ngege wa Kisebwe ndio walionilipia minerval, ada ya shule, tangu darasa la kwanza mpaka cheti cha daktilo. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

Basi nilikwenda na fishi zangu, yale makaratasi ya maswali, nimevaa kitenge changu. Nilimkuta baba ufukweni anasuka mgono. Nikasimama mbele yake kama tulivyofundishwa, nikasoma swali la kwanza, nikimwita kwa lile neno la Serikali la kumwita kila mwananchi, "Sitwayeni, kwa juma moja unapata nini katika matete haya?"

Baba aliniangalia kutoka viatu mpaka kichwa.

"Vyura," alisema.

"Papa!"

"Nani Papa? Si umesema sitwayeni? Andika, sitwayene. Vyura tu."

Wavuvi wengine walikuwa karibu, masikio yamesimama. Nikaenda kwa wa pili, akasema vyura. Wa tatu, vyura. Muzee mmoja aliongeza konokono, nadhani kwa kunihurumia. Na mimi, mjinga wa shule, niliandika! Tulikuwa tumeambiwa kuandika alilosema muntu, bila kuongeza wala kupunguza. Niliandika vyura kwenye fishi kumi na tisa, kwa mwandiko mzuri. Kwa mama yangu, Mama Denise, niliuliza mikeka yake ya matete anauza bei gani. Akasema hauzi, anawapa watu. Nikaandika sufuri.

Eugène alisoma fishi zile mbele ya wote. Aliposema, "Faida ya Kisebwe: vyura," sala nzima ilianguka kwa kicheko. Fidèle alilia machozi. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Lakini Eugène hakucheka. Alivua miwani akaniuliza, "Viviane, wewe ulikula nini ukakua hivi?" Akasema, "Dosye ya karatasi zetu inaondoka na boti ya Jumatatu. Una siku nne."

Nilirudi nyumbani wakati wa chakula. Mama alitandika mkeka, akaweka bukari, ugali wetu, na sombe la majani ya mihogo, na ngege wawili wakubwa, mafuta yanachuruzika. Tulikaa. Nilikula kidogo, nikasema, "Papa, hawa vyura wako wana miiba mingi."

Mama alicheka mpaka akaweka tonge chini. Baba alijaribu kukasirika, akashindwa.

"Mutoto wangu," alisema, "sikiliza. Mimi nimehesabiwa mara tatu. Kule Baraka Wazungu walinihesabu, wakachukua pamba. Waasi walinihesabu, wakachukua ndugu yangu. Hapa walinihesabu kwa kodi, wakachukua mbuzi. Kila aliyenihesabu aliondoka na kitu. Sasa unakuja wewe, na kalamu."

"Hii si ya kodi. Hii ni ya kujua tu. Wakijua kilichomo, hawatang'oa. Wasipojua, Papa, mwezi ujao hapa ni mpunga, na wewe utatega migono kwenye vumbi."

"Ya kujua tu?"

"Ya kujua tu."

"Unaapa?"

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimwamini Eugène, niliamini biro, niliamini ubao na chaki. Niliweka mkono juu ya kichwa cha mama yangu, kama wanavyoapa watu wetu, nikasema, "Naapa kwa huyu aliyenizaa." Baba aliutazama mkono wangu. Kisha alinawa, akasema, "Kesho, jua likitoka. Na vua hivyo viatu."

Asubuhi ile, mkinipa dunia yote niibadilishe nayo, nitakataa. Baba alinipakia mtumbwini, akasukuma kwa upondo kuingia ndani ya matete, na kila mahali alinitajia bila kuulizwa. Ana migono arobaini na miwili. Hapa ngege wanataga, ndiyo maana toka mvua za kwanza mpaka Noeli hakuna anayetega upande huu, na anayetega anatengwa kanisani na kwenye pombe pia. Kikapu cha kwanza cha kila juma kinakwenda kwa wajane. Matete yale ya nje yanavunja mawimbi. Mwaka yalipoungua, ziwa lilikula mashamba matatu ya mihogo. Majani yanachomwa, majivu yanachujwa, wanapata chumvi wakati chumvi ya dukani imepotea. Na ilikuwa inapotea kila mara, nyinyi hamjui. Niliandika mpaka vidole vikakakamaa. Baba alikuwa anaongea kama muntu aliyekaa kimya miaka ishirini, na uso wake ulikuwa unang'aa.

Wenzake walipoona Salomon amesema, nao wakasema. Zile fishi za vyura nilizichana.

Kwa mikeka nilirudi kwa mama. Eugène alikuwa ametufundisha kwamba kitu kisichouzwa, uliza kikikosekana itakuwaje. Nikauliza, "Mama, bila matete ungefanyaje?"

"Ningelala chini," alisema. "Na wewe ungezaliwa chini. Weka bei hapo, tuone."

Eugène alipoisoma hiyo aliinakili kwenye daftari lake mwenyewe. Jumapili nzima tulijumlisha, watu kumi na wawili, na Claire akatuletea karanga. Jioni jumla ilitoka: matete yalizidi mpunga karibu mara tatu. Tulipiga kelele kama timu yetu imefunga bao. Fidèle alinibeba mgongoni akanizungusha sala nzima, mimi wa vyura! Boti ya Jumatatu iliondoka na dosye, na Eugène, aliyeondoka nayo, alisimama nyuma yake akapunga kitambaa mpaka akawa mdogo kabisa. Baada ya miezi miwili jibu lilikuja. Mpunga ulipelekwa mahali pengine. Kisebwe haiguswi.

Kama hadithi ingeishia hapo ningekuwa mwanamke mwenye furaha. Haikuishia hapo.

Kiangazi kilichofuata, Mama alinitumia muntu kazini: njoo upesi. Nilikimbia njia yote. Ufukweni nilikuta watu wa kodi, na askari mmoja, na mkubwa wao ameshika makaratasi. Niliyajua kabla sijayafikia. R iliyolegea, inayoruka juu ya mstari. Ilikuwa fishi ya baba yangu, ile niliyoipiga mwenyewe kwa mashine. Migono arobaini na miwili. Vikapu kwa juma. Kila kitu, safi, bila kosa hata moja. Walikuwa wamekwisha kuzidisha kwa miaka aliyokaa pale, na deni lililotoka hata kwa kuuza Kisebwe nzima lisingelipika. Wakachukua mtumbwi.

Nilipiga kelele. Niliita majina ya watu wa biro, nilisema karatasi ile haikuwa ya kazi hiyo, nilimshika yule mkubwa mkono wa shati mpaka kifungo kikaruka. Nani aliwapa? Mpaka leo sijui. Karatasi ikishaingia kabatini mwa Serikali ina miguu yake. Nilimwandikia Eugène; barua ilijibiwa na mtu mwingine, kwamba amehamishwa.

Baba njo aliyenitoa kwenye shati la yule muntu. Alinishika mabega kwa nyuma, polepole. Tulisimama tukiangalia mtumbwi unavutwa.

"Mwalimu wako alisema mali bila daftari inapotea bila habari," alisema. "Yangu basi imepotea pamoja na habari yake."

Akacheka, na mimi kicheko kile kiliniuma kuliko kofi. Hakunigombeza siku ile, wala siku nyingine. Nilimwangukia miguuni, akasema inuka, unachafua kitenge. Kwa miaka miwili alitega kwa mtumbwi wa kuazima, halafu akachonga mwingine mdogo. Lakini tangu siku ile, kila nilipomkuta anatoka majini na kikapu kimefunikwa, nikamuuliza kama zamani, "Papa, leo umepata nini?" alinijibu kwa adabu, na tabasamu kidogo, kama unavyomjibu mgeni.

"Vyura tu."

Miaka kumi na miwili. Kila mara. Alinipa samaki wa kupika, alinibebea watoto, alinicheka nikinenepa. Idadi hakunipa.

Mimi niliendelea na kazi. Biro ilibaki bila karatasi, baadaye bila mshahara, baadaye bila mlango, lakini vijana walikuja kujifunza kupima, nikawafundisha uani kwangu. Jambo la kwanza niliwaambia, kabla ya matete, kabla ya miti: usimuulize muntu ana nini mpaka umejua karatasi yako italala wapi. Wengine waliniona muzee wa maneno mengi. Sawa.

Mwaka wa mwisho wa Zaire, watu walipoanza kusema vita inashuka na ziwa kutoka upande wa Uvira, nilikwenda Kisebwe kumchukua baba aje kwangu mjini. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Nilimkuta anapanda ufukwe, fimbo mkono mmoja, kikapu mkono wa pili, anapumua kwa shida. Matete nyuma yake yalikuwa yamesimama yote, marefu, kijani, yanapiga kelele kwa upepo. Yapo mpaka leo, nendeni mkayaone. Nilimpokea kikapu. Nikauliza kwa mazoea tu, hata sikungoja jibu.

"Papa, leo umepata nini?"

Akaketi juu ya mtumbwi. Akafunua jani, akahesabu kwa kidole, pole pole, midomo inacheza.

"Ngege kumi na saba," alisema. "Na wawili nimerudisha, walikuwa wadogo." Akaniangalia. "Mbona umesimama? Andika."

Nilikuwa na kalamu kwenye nywele, kama kawaida yangu. Karatasi nilikosa, nikachana ganda la pakiti ya sigara lililokuwa ufukweni. Nikaandika: Salomon, Kisebwe, ngege kumi na saba, wawili wamerudi majini. Machozi yaliharibu neno la mwisho, nikaliandika tena.

Ganda hilo sikulipeleka biro yoyote. Ninalo.